Diski tupu za mashine za gemu za zamani: namna ya kuchagua mzigo usiorudi dukani

Biashara ya diski tupu imepungua sana ukilinganisha na miaka ya 2000, lakini haijafa. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki bado kuna mabanda ya gemu yanayotumia PlayStation 2, na bado kuna mafundi, wapiga picha za harusi, kwaya na studio ndogo zinazohitaji CD na DVD za kurekodia. Wauzaji wa jumla wa Kariakoo jijini Dar es Salaam na wa Barabara ya Luthuli jijini Nairobi wanajua kwamba mteja wa diski hizi ni mdogo, lakini anarudi kila mara.

Tatizo ni kwamba mteja huyo hurudi pia akiwa na malalamiko. Diski imechomwa vizuri kwenye kompyuta, imefunguka bila shida, lakini ikiwekwa kwenye mashine ya gemu inagoma. Mashine inasaga, inatulia, kisha inaonyesha kwamba diski haisomeki. Mwenye banda anadai fedha zake, muuza rejareja anamrudia wa jumla, na wa jumla yuko upande wa pili wa mpaka. Mzigo uliovuka mpaka kwa gharama za usafiri na ushuru haurudi kwa urahisi.

Makala haya yanaeleza kwa nini mashine za zamani huchagua diski, mfanyabiashara aangalie nini kabla ya kulipa, msafirishaji autunze vipi mzigo njiani, na sheria za mpakani zinasemaje.

Kwa nini mashine ya zamani inagoma

Diski ya gemu inayotoka kiwandani haichomwi. Taarifa zake hugandamizwa kwenye plastiki kama vishimo vidogo mno, kisha hupakwa alumini inayoakisi mwanga vizuri. Diski tupu ni kitu tofauti. Ndani yake kuna utando mwembamba wa rangi maalumu, na leza ya kompyuta huunguza rangi hiyo ili kuweka alama zinazofanana na vishimo. Ndiyo maana watu husema kuchoma diski.

Mashine inaposoma, hurusha mwale wa leza na kupima mwanga unaorudi. Hapo ndipo tofauti inapojitokeza. CD ya kiwandani na CD-R nzuri huakisi kiasi cha asilimia 65 au zaidi ya mwanga. CD-RW, yaani ile inayofutika na kurekodiwa upya, huakisi asilimia 15 hadi 25 tu. Kwa upande wa DVD, diski ya kawaida ya tabaka moja inatakiwa kuakisi asilimia 45 na kuendelea, lakini DVD-RW na diski za tabaka mbili huakisi asilimia 18 hadi 30.

Kompyuta ya leo ina uwezo wa kurekebisha leza yake ili isome mwanga hafifu. Mashine za gemu za zamani hazikuundwa hivyo. PlayStation ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1994, Dreamcast ya kampuni ya Sega mwaka 1998, na PlayStation 2 mwaka 2000. Leza za mashine nyingi zilizobaki zimefanya kazi kwa zaidi ya miaka 20, kwenye vumbi na joto. Diski iliyo dhaifu kidogo, ambayo kompyuta inaivumilia, hapa inakataliwa.

Kuna hasara nyingine ambayo muuzaji haioni. Mashine ikishindwa kusoma, hurudia tena na tena, na kichwa cha leza huhangaika kwenda mbele na nyuma. Sehemu zake huchakaa mapema. Kwa mwenye banda la gemu, diski ya bei ya chini inaweza kumwongezea gharama ya lenzi mpya, na lenzi ya PlayStation 2 ni ghali kuliko kopo zima la diski.

Kila mashine na diski yake

Kosa la kwanza la mfanyabiashara ni kuagiza diski bila kujua zinakwenda kwenye mashine gani. PlayStation ya kwanza na Dreamcast hazisomi DVD kabisa. Wateja wa mashine hizo wanahitaji CD-R ya dakika 80, yenye uwezo wa megabaiti 700. CD-R za dakika 90 au 99 zinazoonekana mara chache sokoni ziko nje ya vipimo vya kawaida, na mashine za zamani huzigomea. Ni vyema kuziacha.

PlayStation 2 inasoma CD na DVD. Kwa CD, chaguo ni lile lile la CD-R ya dakika 80. Kwa DVD, chaguo salama ni DVD-R ya tabaka moja, yenye gigabaiti 4.7. DVD+R ilikuja sokoni baadaye, mwaka 2002, na mashine nyingi za zamani huisoma vizuri pale tu ambapo aliyechoma amebadilisha alama ya aina ya diski ili isomeke kama DVD ya kiwandani. Si kila mteja anajua kufanya hivyo, wala si kila kompyuta inaruhusu. Kwa hiyo muuzaji asiye na uhakika na wateja wake achukue DVD-R.

CD-RW na DVD-RW zisiuzwe kabisa kwa ajili ya mashine za gemu. Diski za tabaka mbili zenye gigabaiti 8.5 nazo ni ghali na zinasumbua, hivyo zinunuliwe kwa oda tu.

Rangi ya upande wa chini si kigezo kama wengi wanavyodhani. Diski za PlayStation ya kwanza zilikuwa nyeusi, na CD za PlayStation 2 zilikuwa za buluu. Wapo wauzaji wanaonadi CD tupu nyeusi kwa bei ya juu wakidai ndizo za PlayStation. Weusi ule ni rangi ya plastiki tu. CD-R nyeusi inaweza kuwa nzuri au mbaya, sawa na nyingine yoyote.

Jina la kwenye boksi na kiwanda halisi

Mfanyabiashara mwenye uzoefu anajua kwamba jina linaloandikwa kwenye boksi mara nyingi si jina la aliyetengeneza. Kampuni nyingi zenye majina makubwa hununua diski kutoka viwanda vichache, kisha huweka nembo zao. Chapa moja inaweza kutumia kiwanda hiki mwezi huu na kingine mwezi ujao. Ndiyo sababu mteja anasema, "Hizi si kama zile za mwanzo," ingawa boksi ni lile lile.

Viwanda vilivyojulikana zaidi ni Taiyo Yuden na Mitsubishi Chemical vya Japani, CMC Magnetics na Ritek vya Taiwan, na Moser Baer cha India. Hali imebadilika sana. Taiyo Yuden, iliyosifika kuliko zote kwa ubora wa CD-R, iliacha biashara hiyo mwishoni mwa mwaka 2015. Moser Baer iliingia katika ufilisi, na mwaka 2018 ikaamriwa mali zake ziuzwe. Mwaka 2019 CMC ilitangaza kuinunua biashara ya Verbatim kutoka Mitsubishi. Leo diski nyingi mpya zinatoka kwenye viwanda vichache tu, hasa vya Taiwan.

Hili lina maana mbili kwa mnunuzi. Kwanza, anayeuziwa diski "mpya" za Taiyo Yuden anauziwa moja ya vitu viwili: mzigo uliokaa ghalani tangu mwaka 2015 au kabla, au mzigo feki. Pili, umri wa diski sasa ni jambo la kuulizia. Makadirio ya tahadhari yaliyonukuliwa katika mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2003, yanasema kwamba diski ambayo haijarekodiwa hudumu miaka 5 hadi 10 ghalani. Baada ya hapo inaweza kuchomeka, lakini hakuna wa kuidhamini. Diski ya kawaida iliyotengenezwa juzi inaweza kuwa bora kuliko ya sifa kubwa iliyolala miaka 15 kwenye stoo yenye joto.

Hata ndani ya chapa moja kuna madaraja. Kwa mfano, Verbatim zenye neno AZO kwenye boksi hutumia rangi ya kurekodia iliyotengenezwa na Mitsubishi, na ndizo zilizojenga jina hilo. Zipo Verbatim nyingine za bei nafuu zisizo na neno hilo. Zote ni halali, ila si bidhaa moja, na hazipaswi kununuliwa kwa bei moja.

Namna ya kulijua jina la kiwanda

Kila diski tupu ina alama iliyoandikwa ndani yake kiwandani, ambayo haionekani kwa macho. Alama hiyo humweleza raita wa kompyuta nani katengeneza diski na ichomwe kwa kasi gani. Programu za bure kama ImgBurn huionyesha mara tu diski inapoingizwa.

Kwa DVD-R za kasi ya 16x, alama MCC 03RG20 ni ya Mitsubishi, TYG03 ni ya Taiyo Yuden, RITEKF1 ni ya Ritek, na CMC MAG. AM3 ni ya CMC. Kwa CD-R, alama huwa ni tarakimu za muda. Kwa mfano, 97m24s01f ni Taiyo Yuden, na 97m15s17f ni Ritek.

Alama hiyo ni msaada mkubwa, lakini si kiapo. Viwanda visivyo waaminifu vimewahi kunakili alama za wengine. Kwa hiyo mnunuzi ailinganishe na mambo mengine. Aangalie nchi iliyoandikwa kwenye boksi. Aangalie pia namba ndogo zilizochongwa kwenye duara la katikati ya diski. Boksi likisema Japani, namba zikawa zimefutwa au zimepigwa juu ya nyingine, na bei ikawa chini ya nusu ya ile ya kawaida, jibu linajulikana.

Kuikagua diski kwa macho

Ukaguzi wa macho hauhitaji umeme wala kompyuta. Unaweza kufanyika kaunta kwa muuzaji au kwenye yadi ya mizigo. Chukua diski tatu kutoka kopo moja: ya juu, ya katikati na ya chini. Ziinue kuelekea kwenye mwanga.

Rangi ya upande wa chini iwe imeenea sawasawa mpaka karibu na ukingo. Madoa, mawimbi, au ukingo ambao rangi haijaufikia ni dalili kwamba utando ulipakwa vibaya. Matundu madogo yanayopitisha mwanga ni dalili mbaya zaidi. Diski ikizungushwa kwenye kidole isiyumbe. Diski ya chini kwenye kopo ikiwa imepinda au imegandana na mwenzake, mzigo huo umelaliwa na uzito au umepata joto.

Inafaa kujua pia tofauti ya udhaifu wa CD na DVD. Katika CD, tabaka lenye taarifa liko juu, chini ya karatasi au wino wa jina, na limefunikwa na vanishi nyembamba tu. Mkwaruzo wa upande wa jina huiua CD haraka kuliko mkwaruzo wa upande wa chini. Katika DVD, tabaka hilo limebanwa katikati ya plastiki mbili zenye unene wa milimita 0.6 kila moja, zilizounganishwa kwa gundi. Kwa hiyo DVD huanza kuharibika ukingoni, pale gundi inapoachia na hewa yenye unyevu kuingia. Ukingo ukionekana kuwa na mstari wa ukungu au kufunguka, usinunue.

Kuijaribu kabla ya kulipa

Jaribio la kweli ni kuchoma. Muuzaji wa jumla aliye makini hakatai kuuza kopo moja la mfano kabla ya oda ya katoni. Anayekataa anajua kitu.

Diski ya majaribio ijazwe mpaka mwisho. Wengi hukosea hapa. Wanachoma faili dogo, wanaona linasomeka, wanalipia katoni kumi. Diski huandikwa kuanzia ndani kwenda nje, na kasoro nyingi za upakaji wa rangi na za kupinda ziko upande wa nje. Gemu ndogo haitafika huko. Gemu kubwa itafika, na itagoma katikati ya mchezo.

Kasi ya kuchoma nayo ni muhimu. Ushauri wa zamani ulikuwa kuchoma polepole kadiri inavyowezekana. Ulifaa kwa diski za wakati ule. Diski za leo zimetengenezwa kwa kasi kubwa, na baadhi huchomeka vibaya kwa kasi ya chini sana kama zinavyochomeka vibaya kwa kasi ya juu kabisa. Kwa DVD-R ya 16x, kasi ya 8x ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa CD-R ya 52x, kasi ya 16x hadi 24x. Choma moja kwa kila kasi, kisha ulinganishe.

Baada ya kuchoma, diski isomwe yote kwenye kompyuta ili kuhakikisha hakuna sehemu iliyokwama. Fundi mwenye raita inayofaa anaweza kupima hata idadi ya makosa. Kwa CD, kipimo cha kawaida kinaruhusu makosa madogo yasiyozidi 220 kwa sekunde kwa wastani, na makosa yasiyorekebishika yasiwepo. Kwa DVD, makosa ya ndani yasizidi 280 katika kila kundi la vipande 8. Diski nzuri hubaki chini kabisa ya viwango hivyo. Inayokaribia viwango siku ya kwanza si ya kutegemewa.

Mwisho, diski ijaribiwe kwenye mashine yenyewe ya gemu, tena kwenye mashine iliyochoka na si mpya. Kama mashine dhaifu ya fundi inaisoma mara tano mfululizo bila kusaga, mzigo huo unaweza kwenda sokoni.

Hesabu ya faida

Wafanyabiashara wengi hununua diski za chini kwa sababu hesabu ya haraka inazipendelea. Hesabu kamili inaonyesha mpaka uko wapi. Chukulia mfano wa katoni ya diski 600. Diski za chini zinanunuliwa kwa shilingi 300 kila moja na kuuzwa kwa 600. Diski nzuri zinanunuliwa kwa 450 na kuuzwa kwa 700.

Katoni ya kwanza inagharimu 180,000 na kuingiza 360,000. Faida kwenye karatasi ni 180,000. Katoni ya pili inagharimu 270,000 na kuingiza 420,000. Faida ni 150,000.

Sasa weka zinazorudishwa. Katika diski nzuri, kama zinarudi 2 katika kila 100, ni diski 12, na muuzaji anarudisha 8,400. Anabaki na 141,600. Katika diski za chini, kama zinarudi 10 katika kila 100, ni diski 60, anarudisha 36,000 na kubaki na 144,000. Hapo faida zimekaribiana. Zikirudi 20 katika kila 100, anarudisha 72,000 na kubaki na 108,000.

Kwa bei hizo za mfano, basi, mpaka ni kama asilimia 10. Bei za kila soko zina mpaka wake, na mfanyabiashara anaweza kuutafuta kwa karatasi na kalamu. Hesabu hiyo bado haijaingiza nauli ya kurudisha mzigo wala mteja aliyehamia duka jingine. Kwa anayeuza ng'ambo ya mpaka, mambo hayo mawili ndiyo makubwa zaidi.

Mzigo njiani

Diski nzuri inaweza kuharibiwa kati ya ghala na duka. Maadui wake ni joto, mwanga wa jua, unyevu na uzito.

Diski moja ina uzito wa gramu 16 hivi. Katoni ya 600 ina kilo 9 na nusu za diski tupu, bila kuhesabu makopo na boksi. Katoni zikipangwa nyingi kwenda juu, za chini hubeba uzito wote, na makopo ya plastiki hupasuka au diski hupinda. Katoni zisimame wima kama mishale ya boksi inavyoonyesha, na juu yake kusiwekwe mifuko ya saruji, sukari au vipuri.

Bodi la lori lililofungwa na kusimama juani hupata joto kali kuliko la nje. Foleni ya mpakani inaweza kuchukua saa nyingi mchana kutwa. Msafirishaji anayebeba diski azipange mbali na paa na mbali na ukuta unaopigwa na jua, na azifunike. Kuzifunga juu ya keria ya basi kwa turubai jeusi ni njia ya uhakika ya kuzipika. Leza huandika kwa kuunguza rangi, na rangi inayoitikia joto la leza haipendi joto la jua pia, hata kama mabadiliko yake ni ya taratibu.

Mzigo unaotoka nyanda za baridi na kushuka kwenye joto la pwani au la ziwa usifunguliwe papo hapo. Unyevu wa hewa huganda juu ya kitu chenye baridi, kama jasho kwenye chupa ya soda. Boksi likae limefungwa saa kadhaa mpaka lizoee hali ya hewa. Dukani, makopo yawekwe mbali na dirisha. Diski iliyopangwa kwenye kioo cha mbele ya duka kwa ajili ya kuvutia wateja isiuzwe. Ibaki kuwa ya maonyesho.

Forodha na sheria

Diski tupu na diski iliyorekodiwa si bidhaa moja mbele ya forodha. Katika mfumo wa kimataifa wa namba za bidhaa, diski za kusomwa kwa mwanga ambazo hazijarekodiwa ziko 8523.41, na nyingine ziko 8523.49. Ankara iandike wazi kwamba ni diski tupu, aina yake, na idadi yake. Ankara inayosema "CD" tu inamkaribisha ofisa kufungua kila boksi.

Wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wamezoea cheti rahisi cha asili kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Cheti hicho ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Diski za Taiwan au India hazikidhi sharti hilo hata kama zimenunuliwa Nairobi au Dar es Salaam. Atakayevuka Namanga, Sirari, Mutukula au Busia na mzigo wa aina hii aulize kwanza kwa wakala wa forodha, na asafiri na ankara pamoja na nyaraka za ushuru uliokwisha kulipwa.

Jambo zito zaidi ni diski zilizochomwa tayari. Kunakili gemu ya kampuni na kuiuza bila idhini ni kosa chini ya sheria za hakimiliki za Tanzania ya mwaka 1999, Kenya ya mwaka 2001 na Uganda ya mwaka 2006. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaweka bidhaa bandia za kila aina kwenye orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku kuingizwa. Hiyo inahusu pia diski tupu zenye nembo ya kughushi. Msafirishaji asidhani yeye ni mbebaji tu: sheria hiyo inaruhusu hata chombo kilichotumika kubeba mzigo wa kutaifishwa nacho kitaifishwe. Dereva anayekubali boksi la "diski za rafiki" bila kuliangalia anaweka rehani gari la tajiri wake.

Ipo pia kazi halali ya diski hizi. Kuna watengenezaji wa kujitegemea ambao hadi leo wanatoa gemu na programu za Dreamcast na PlayStation 2, nyingine bure, kwa idhini ya kuzichoma. Dreamcast nyingi husoma CD-R bila kufunguliwa, na tangu mwaka 2020 imejulikana njia ya kuendesha programu za aina hiyo kwenye PlayStation 2 kwa kutumia DVD ya kuchoma, bila kuifanyia mashine ufundi wa ndani. Muuzaji wa diski tupu hana haja ya kuuza zilizochomwa ili apate wateja.

Kununua kidogo, kununua vizuri

Soko hili halikui. Wenye mashine za zamani wengi wanahamia kwenye kadi za kumbukumbu na hadi diski ngumu, na viwanda vinaendelea kupungua. Kuweka mtaji mkubwa kwenye katoni za miaka mitatu ni kununua mzigo utakaozeekea ghalani. Katoni chache, zilizojaribiwa, zinazoisha ndani ya miezi michache, zinafaa zaidi.

Ni busara pia kuandika kwenye daftari alama ya kiwanda, tarehe ya kununua na jina la aliyeuza kwa kila katoni, na kubakiza diski mbili za kila mzigo. Siku mteja atakaporudi na malalamiko, muuzaji atajua tatizo liko kwenye mzigo, kwenye raita ya mteja au kwenye mashine iliyochoka. Na siku atakapomrudia wa jumla wake ng'ambo ya mpaka, atakwenda na diski mkononi, alama yake na tarehe yake.